Mtoto Anapoogopa Mvua: Hofu ya Tabianchi kwa Wadogo wa Nairobi

Mtoto wa miaka mitano hajui mwaka 2050 ni lini. Mwambie Krismasi bado iko mbali, naye atakuuliza kama ni akilala mara moja au mara mbili. Ndiyo maana mengi tunayosema sisi watu wazima kuhusu mabadiliko ya tabianchi, kama nyuzi joto moja na nusu, malengo ya 2030 na mikutano ya KICC na Gigiri, hayamfikii kabisa. Hata hivyo mtoto huyohuyo anaweza kukataa kuvua viatu usiku kwa sababu mawingu yametanda upande wa Ngong, au kumuuliza mwalimu wake wa chekechea (PP2) kama samaki wote watakufa.

Hofu ipo, hilo halina ubishi. Swali ni kama hofu hiyo ndiyo ile inayoandikwa magazetini kwa jina la wasiwasi wa tabianchi. Mara nyingine ndiyo. Mara nyingi, hasa katika mitaa iliyo kando ya Mto Mathare na Mto Ngong, ni kitu kingine kilichovishwa jina hilo, na mtoto anaishia kupewa dawa isiyo yake.

Jina lenyewe ni la karibuni. Mwaka 2017 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilitoa ripoti kuhusu afya ya akili na tabianchi, na humo wasiwasi huu ukaelezwa kuwa ni hofu ya kudumu kwamba mazingira yanaelekea kuangamia. Haumo katika orodha za magonjwa ya akili ambazo madaktari hutumia, iwe ya Shirika la Afya Duniani au ya Wamarekani, na wengi wanaouchunguza hawataki uingizwe humo. Mtu anayeogopa hatari iliyo mbele yake, wanasema, hajaugua. Akili yake inafanya kazi. Nakubaliana nao, ingawa hoja hiyo humsaidia kidogo sana mama ambaye mtoto wake halali.

Takwimu inayonukuliwa kuliko zote ilichapishwa Desemba 2021 katika jarida la The Lancet Planetary Health. Watafiti wakiongozwa na Caroline Hickman wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, waliwahoji vijana 10,000 katika nchi 10. Asilimia 59 walikuwa na wasiwasi mkubwa au mkubwa mno kuhusu tabianchi, na zaidi ya asilimia 45 walisema hisia hizo zinaingilia maisha yao ya kila siku. Robo tatu waliona siku zijazo zinatisha. Ni takwimu nzito, lakini tazama walioulizwa ni nani: watu wa miaka 16 hadi 25, na nchi ya Afrika iliyokuwamo ni Nigeria peke yake. Kichwa cha habari kikishawaita hao "watoto", msomaji wa Umoja au Kawangware anabaki akidhani kwamba mwanawe wa chekechea amepimwa na majibu yametoka. Hakupimwa. Ukitaka kumwelewa mtoto wa umri huo itabidi uazime kwa fani mbili zenye umri mkubwa zaidi, yaani elimu ya makuzi ya mtoto, na ujuzi uliokusanywa kwa miaka mingi kuhusu watoto waliopitia majanga.

Mto uliokasirika

Miaka ya 1920 mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, alikuwa na mtindo wa kuwauliza watoto maswali ambayo mtu mzima angeona haya kuuliza. Kwa nini jua linatembea? Wadogo wengi walimjibu kwamba linatufuata sisi. Mawingu nayo yalikuwa na nia zao. Kwa mtoto wa miaka mitatu hadi sita au saba, vitu vingi vina uhai na utashi, na yeye mwenyewe yuko katikati ya yote yanayotokea.

Sasa sikiliza tunavyozungumza nyumbani mvua kubwa inaponyesha. "Mto umekasirika." "Dunia imechoka na sisi." Kwetu hiyo ni lugha ya picha tu. Kwa mtoto ni taarifa. Kitu kikikasirika kimemkasirikia mtu fulani, kwa hiyo swali linalofuata kichwani mwake ni nani aliyekiudhi, na kwa kuwa yeye ndiye katikati ya dunia yake, jibu haliko mbali: ni mimi, niliyetupa karatasi ya biskuti kwenye mtaro. Mtoto anayejilaumu hivi hasemi. Atakuwa tu mtiifu kupita kiasi kuhusu takataka, nasi tutamsifu.

Hofu za watoto pia hufuata umri kwa namna inayojulikana. Wachanga huogopa sauti kubwa na kuachwa. Wa miaka mitatu hadi sita huogopa giza, mazimwi, na kila kitu ambacho hakina umbo. Wakifika miaka saba au minane hivi ndipo wanapoanza kuogopa hatari za kweli, kama moto, wezi, mafuriko na kifo. Taarifa moja ya habari ikiingia katika chumba chenye watoto watatu, kila mmoja huichukua kwa kimo chake. Wa miaka minane anaweza kweli kujiuliza kuhusu dunia na wanyama. Wa miaka minne anasikia jambo moja tu, kwamba kuna kitu kinaweza kunitenga na mama. Kwa hiyo unapomjibu huyo mdogo kwa maelezo ya hewa ya kaboni, umejibu swali ambalo hakuuliza.

Kuna pia suala la picha zinazorudiwa. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani, wataalamu wa watoto walitambua kwamba baadhi ya wadogo waliamini kila mara picha ziliporudiwa kwenye televisheni, majengo mengine mapya yalikuwa yanaanguka. Kumbuka Aprili 2024 hapa Nairobi: video za magari yanayosombwa na za watu waliokwama juu ya mapaa ya mabati zilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp wiki nzima. Mtoto aliyezitazama mara kumi katika simu ya baba huenda alihesabu mafuriko kumi.

Mwili unaokumbuka

Hofu hii humwingia mtoto wa Nairobi kwa njia mbili. Tuanze na ile ya kwanza, ya kuona na kupitia mwenyewe, kwa kuwa ndiyo nzito zaidi. Mvua za Machi hadi Mei 2024 ziliua karibu watu 300 nchini. Mathare, Mukuru na sehemu za Kibera ziliingiliwa na maji. Aprili 29, alfajiri, maji yaliyokuwa yamezuiliwa chini ya tuta la reli karibu na Mai Mahiu yalipasuka na kuua makumi ya watu waliokuwa wamelala. Shule zilizokuwa zifunguliwe siku hiyohiyo zilisogezwa hadi Mei 6, kisha zikaahirishwa bila tarehe, hatimaye zikafunguliwa Mei 13. Mei 10 ilifanywa sikukuu ya kuwakumbuka waliofariki na kupanda miti.

Mtoto aliyekuwa na miaka minne wakati huo hakumbuki tarehe hata moja katika hizo. Anachokumbuka ni kelele za mvua juu ya mabati, harufu ya maji ya choo yaliyochanganyika na matope, godoro lililolowa, na mikono ya mtu aliyembeba gizani. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na wanaochunguza ubongo hawana la kuongeza sana hapo. Sehemu ya ubongo inayopiga king'ora huhifadhi sauti na harufu zilizoandamana na hatari, na ikizikuta tena hupiga king'ora kabla mtoto hajafikiri neno lolote. Manyunyu mepesi ya Novemba yanatosha.

Huu ni ukumbusho wa jambo lililokwisha kutokea, na una tofauti kubwa na hofu ya jambo linalokuja. Anayeogopa yajayo anahitaji mtu wa kuzungumza naye kuhusu yajayo. Aliyebeba kumbukumbu anahitaji kwanza kujua kwamba yuko salama sasa hivi, leo, katika chumba hiki, na anahitaji kujua hivyo kwa mwili: kushikwa, kulala pamoja na mtu, kula wakati uleule, kwenda shule njia ileile. Mweleze habari za tabianchi baadaye akiwa na miaka kumi.

Halafu lipo jambo ambalo maandiko mengi kuhusu wasiwasi wa tabianchi hulipita kwa sababu yaliandikwa mbali na hapa. Baada ya maji, yalikuja matingatinga. Serikali iliamuru waliojenga ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke, na mwezi Mei 2024 nyumba za Mathare na Mukuru zikabomolewa, huku familia zikiahidiwa Sh10,000 za kuhamia kwingine. Unaweza kubishana kuhusu sera yenyewe. Kuna hoja za kweli za kuwaondoa watu kwenye kingo za mito. Lakini katika daftari la mtoto, maji na tingatinga ni mstari mmoja: ni vitu vinavyokuja na kuchukua nyumba. Usishangae mtoto wa gredi ya kwanza akilia kwa kuona mtambo wa manjano unaochimba barabara. Ukimuuliza kama anaogopa mabadiliko ya tabianchi atakutazama tu.

Wengine walihama na kuacha shule, rafiki wa jirani, na mama mboga aliyekuwa akiwakopesha ndizi. Kupoteza mahali ni msiba ambao hauna matanga. Watu wazima angalau hukutana na kusimuliana. Mtoto huambiwa akae vizuri katika darasa jipya.

Yanayoingia kwa sikio

Njia ya pili ni ya kusikia. Hapa wamo watoto ambao maji hayakuwafikia kamwe, wa Lavington na wa Buruburu vilevile, na wamo pia wale wa njia ya kwanza, maana mtoto mmoja anaweza kubeba zote mbili.

Shuleni, somo la mazingira huanza mapema katika mtaala wa umilisi, na ni jambo jema. Shida ni pale mwalimu mwenye darasa kubwa anapofupisha mambo: tukikata miti mvua itaisha na sote tutakufa. Anakusudia kuonya. Mwenye miaka sita hajui "tutakufa" hiyo ni ya lini. Nyumbani kuna katuni zenye dubu aliyekwama kwenye kipande cha barafu, mnyama ambaye hakuna mtoto wa Kayole atakayekutana naye, lakini machozi ni yaleyale.

Nyumba zetu nyingi zina chumba kimoja. Ushauri wa vitabu kwamba wazazi wazungumzie mambo magumu mbali na watoto unadhani kuna mbali. Pazia linalogawa kitanda na kochi halizuii redio, wala sauti ya baba akimwambia mama kwamba kodi haijapatikana na mwenye nyumba anasema paa litavuja hivyohivyo. Watoto husikia nusu ya sentensi, na nusu inayobaki huijaza wenyewe, mara nyingi kwa kitu kibaya zaidi kuliko ukweli. Kwa hiyo katika nyumba ya chumba kimoja kanuni inageuka: kama lazima mseme mbele yake, malizieni habari. Msiishie pale pa kutisha. Semeni pia mtafanya nini.

Na kuna Nuhu. Sijaona wataalamu wakimgusa, ilhali ndiye gharika ya kwanza ambayo karibu kila mtoto wa jiji hili huisikia, awe wa Sunday school au wa madrasa. Kisa kina safina, wanyama wawili wawili, na watoto hukipenda. Kina pia neno ambalo mtoto hulishika bila sisi kujua: waliozama walikuwa wabaya. Mtoto wa Mathare aliyesikia kisa hicho Jumapili, kisha Jumatano akasikia kwamba jirani alisombwa na maji, anafanya hesabu rahisi. Ama jirani alikuwa mbaya, ama sisi tuliobaki tuko zamu inayofuata. Wapo wahubiri ambao huikoleza hesabu hiyo kwa kusema mafuriko ni dalili ya siku za mwisho. Mwalimu wa dini anayejali anaweza kusema sentensi moja tu ikasaidia sana: mafuriko ya mtaani kwetu hayakuwa adhabu, na waliofariki hawakuwa wabaya. Upinde wa mvua katika Mwanzo umo humo pia, kwa wale wanaotaka pa kuanzia.

Mwili wa mtoto ndio unaosema

Mtoto mdogo hasemi "nina wasiwasi". Anasema tumbo linauma. Anakojoa kitandani ilhali alikuwa ameacha. Anang'ang'ania sketi ya mama mlangoni mwa shule siku ambazo mbingu ni nyeusi, na siku za jua anakimbia bila kuaga. Anaamka akilia, anauliza swali moja mara ishirini. Wengine hugeuka wakali, wanauma na kupiga wenzao, na huyo ndiye huadhibiwa zaidi kwa sababu hofu yake imevaa sura ya utundu. Kumchapa aliyekojoa kitandani kwa hofu ni kumwongezea usiku jambo la pili la kuogopa.

Mchezo nao ni lugha. Watoto waliopitia mafuriko hucheza mafuriko: wanamwaga maji kwenye beseni, wanaweka mwanasesere wa plastiki, wanamzamisha, wanamwokoa. Wazazi wengi huingiwa na hofu na kukataza. Waache. Mchezo wenye mwokoaji, unaobadilika leo na kesho, ni kazi ya kuponya inayofanywa na mtoto mwenyewe. Wa kutazamwa kwa makini ni ule unaorudiwa vilevile kila siku, hakuna anayeokolewa, na mtoto anamaliza akiwa na wasiwasi kuliko alivyoanza.

Mengi ya haya hupungua yenyewe katika wiki chache utaratibu wa maisha ukirudi. Yakizidi mwezi, au yakimzuia kula, kulala, kucheza au kwenda shule, hapo si la kusubiri.

Cha kumwambia

Kuna majibu mawili ambayo hutoka mdomoni kabla hatujafikiri, na yote mawili ni mabovu. La kwanza ni "usiogope". Hofu haipokei amri, na mtoto hujifunza tu kwamba jambo hili halizungumzwi. La pili ni "mafuriko hayatarudi tena". Yatarudi. Mvua nyingine ikinyesha, mtoto atapoteza nyumba na kumpoteza pia mtu aliyekuwa akimwamini.

Kinachofaa ni ukweli uliokatwa kwa kimo chake, ukifuatwa na nani atafanya nini. Tuseme mtoto anauliza, "Mama, maji yatakuja tena?" Mama anaweza kumjibu hivi: "Mvua ikinyesha sana yanaweza kuja. Yakija mimi nakubeba, kaka yako anabeba begi, tunaenda kwa shosho kule juu. Leo nimeuangalia mto, uko chini. Tulale." Tazama kilichomo. Hakuna uongo. Kuna mtu wa kumshika, kuna njia ya kutoka, kuna mtu mzima aliyechungulia mto kwa ajili yake. Hakuna neno tabianchi, na halikuhitajika.

Begi lenyewe liwepo kweli: vyeti vya kuzaliwa ndani ya mfuko wa nailoni, tochi, nguo, dawa. Mtoto apewe kitu kimoja kidogo cha kuweka humo, na njia ya kwenda kwa shosho itembewe mchana, kwa kucheza, mpaka aijue. Mpango ambao mtoto ameutembea kwa miguu yake humtuliza kuliko ahadi. Hii ni sehemu ndogo ya ushauri ambayo haigharimu chochote, na nashangaa kwamba shule zinazofanya mazoezi ya moto hazifanyi ya mvua.

Kwa wakubwa kidogo, wa gredi ya nne kwenda juu, kuna utafiti unaofaa kujulikana. Mtafiti wa Uswidi, Maria Ojala, aliwachunguza watoto wa miaka 12 na njia wanazotumia kukabiliana na habari za tabianchi. Matokeo yalitoka mwaka 2012. Wale waliojikita katika kutatua tatizo wenyewe walikuwa watendaji zaidi kwa mazingira, lakini pia walielekea kuwa na huzuni na wasiwasi zaidi. Kilichowakinga ni kile alichokiita kukabiliana kwa kutafuta maana: kuona kwamba wapo watu wengine wanaofanya kazi hii, kuwaamini, kuweza kushika tatizo na tumaini kwa wakati mmoja. Kwa maneno mengine, mtoto aliyepewa tatizo la dunia alitatue peke yake huumia kwa jinsi anavyojitahidi.

Hilo linatuleta kwenye miti, maana Nairobi jibu letu kwa kila jambo la tabianchi ni mche. Serikali ilitangaza lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, na Novemba 13, 2023 ikawa sikukuu ya kupanda. Watoto hurudi nyumbani na mche kwenye mfuko mweusi na maneno kwamba wataiokoa dunia. Mti ni kitu kizuri kwa mtoto: anauona ukikua, anaumwagilia, una majani anayoweza kuyashika. Ila fikiria mtoto wa Mukuru kwa Njenga ambaye hana hata futi moja ya ardhi ya kuupanda, au yule ambaye mche wake umeliwa na mbuzi wa jirani. Ikiwa aliambiwa mche ndio utakaozuia mafuriko, basi mafuriko yajayo ni kosa lake. Sehemu ya Kenya katika gesi zote zinazopasha dunia joto haifiki hata asilimia 1, kwa hiyo kumbebesha mdogo wa Kenya hatia ya jambo hili ni dhuluma ya wazi.

Wangari Maathai, anayetajwa kila mche unapopandwa, alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977 pamoja na wanawake wa vijijini, wakifanya kwa vikundi na wakilipwa kidogo kwa miche iliyoshika. Mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 lisijengwe katika Uhuru Park, na baadaye akapigania Msitu wa Karura usigawanywe. Hiyo ni kazi ya watu wazima, ya mahakama na barua na kupigwa rungu. Mtoto akisimuliwa hayo anapata jambo ambalo mche peke yake haumpi, kwamba wapo wakubwa ambao kazi hii ni yao. Kumwambia "hii ni kazi yetu sisi, wewe utatusaidia kidogo" ni kumtua mzigo.

Na uaminifu unadai tutaje wakubwa wote wenye sehemu yao. Ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua mfululizo iliyokosekana katika Pembe ya Afrika, uliongezewa uwezekano wa kutokea angalau mara 100 na joto la dunia, kwa makadirio ya wanasayansi wa World Weather Attribution. Lakini kundi hilohilo lilipochunguza mvua za 2024 lilitia mkazo mkubwa kwenye ukuaji wa haraka wa miji na watu kuishi mahali penye hatari. Mitaro iliyoziba, majengo juu ya njia za maji, vibali vilivyotolewa pasipostahili, haya ni ya hapa kwetu. Mwenye miaka tisa anaelewa hilo vizuri, na huwa linamtuliza, kwa kuwa mtaro unaweza kuzibuliwa. Barafu ya ncha ya dunia hawezi kuifikia.

Hapa ndipo napotofautiana na baadhi ya wenye nia njema wanaoleta mazoezi ya kupumua katika shule za mabanda. Mazoezi hayo yana faida. King'ora cha mwili hushuka mtu akipumua polepole. Lakini mtoto ambaye usiku atarudi kulala mita tano kutoka mtoni hofu yake iko sahihi, na kumfundisha kuituliza bila kugusa mita hizo tano ni nusu ya kazi. Wakati mwingine dawa ya akili ya mtoto ni chumba kingine kilicho juu zaidi mlimani, na anayeweza kuitoa ni baba mwenye nyumba, chifu au serikali ya kaunti, si mshauri nasaha.

Mzazi mwenyewe naye atazamwe. Watoto husoma uso kabla ya kusikia maneno, na mama aliyepoteza kila kitu 2024 anaposhtuka kwa radi, mtoto ameshapata habari. Hahitaji kujifanya shujaa. Inatosha aseme, "Hiyo radi imenishtua na mimi. Imepita," na mtoto aone kwamba mtu anaweza kushtuka kisha akaendelea kukoroga ugali.

Mwalimu ana nafasi yake pia, ndogo lakini ya kila siku. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa utabiri. Mwalimu akiusoma asubuhi anaweza kuwaambia watoto mapema kwamba mchana kutakuwa na mvua, kutakuwa na kelele juu ya paa, tutaimba mpaka ipungue, na kila mtu atachukuliwa na mtu wake. Kelele iliyotangazwa haiogofyi kama iliyovamia. Darasa ambalo mwalimu anaendelea kupiga kelele kushindana na mabati ni darasa ambalo aliyeumwa na nyoka yuko peke yake.

Mtoto akihitaji msaada zaidi, pa kuanzia ni mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako au kituo cha afya cha karibu, ambao watajua hospitali ya kumpeleka. Ipo pia simu ya watoto, 116, ya bure, inayopokelewa saa 24, na mzazi anaweza kuipiga kama mtoto mwenyewe. Kabla ya kupiga, andika pembeni umri wa mtoto, hali ilianza lini, analala vipi, anakula vipi, na kama kuna jambo aliloliona kwa macho yake au alisikia tu. Hilo la mwisho lisisitize. Ndilo litakalomwonyesha anayekusikiliza mtoto huyu amepitia njia ipi kati ya hizo mbili.